Antena ya HF na barua pepe kwenye boti ya matanga: kuanzia ngamani hadi kilele cha mlingoti

Kutoka Mombasa hadi Mahé, Seychelles, ni kilomita zipatazo 1,750 za maji matupu. Mtandao wa simu hukatika siku ya kwanza, na redio ya VHF haivuki upeo wa macho kwa mbali: maili 20 hivi kati ya boti na boti, zaidi kidogo ukiongea na mnara wa pwani. Baada ya hapo zimebaki njia mbili. Moja ni setilaiti, ambayo siku hizi wengi wanaifunga na haina ubaya, ila inataka malipo ya kila mwezi na inategemea kampuni moja. Nyingine ni HF, yaani masafa ya kati ya 3 na 30 MHz, ambayo mawimbi yake hupanda hadi tabaka la juu la anga na kurudishwa chini umbali wa mamia au maelfu ya kilomita. Hakuna wa kukukatia.

Makosa mengi ya kufunga HF huanzia dukani. Mtu anatoa pesa nyingi kwa redio, kisha anaunganisha ardhi (metali ya chini inayokamilisha antena) kwa kipande cha waya mwembamba alichookota kwenye sanduku la vifaa. Redio ya kawaida yenye ardhi nzuri na waya mzuri itaishinda redio ghali iliyofungwa ovyo, tena kwa mbali. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia ngamani na kupanda juu, na redio yenyewe inaguswa kwa kupita tu.

Vifaa vya boti ya mita 12

- Redio ya SSB (aina ya utumaji sauti kwenye HF) ya baharini ya wati 150 (Icom IC-M802 au IC-M803 ndizo zinazoonekana sana), au redio ya ridhaa, ile iitwayo ham, ya wati 100
- Tyuna ya antena, yaani kifaa kinacholinganisha antena na redio, inayojiendesha yenyewe, isiyopitisha maji: Icom AT-140 kwa redio za Icom, au SG-230 ya SGC kwa redio karibu yoyote
- Insuleta 2 za stei ya nyuma (waya wa chuma unaoshikilia mlingoti kwa nyuma)
- Waya wa GTO-15 (wa volti kubwa, wa kutoka tyuna hadi stei), mita 4
- Utepe wa shaba wenye upana wa milimita 75, mita 10
- Kapasita za kauri za 0.15 µF, 4
- Kebo ya koaksi RG-213, mita 8 hadi 10, na plagi 2 za PL-259
- Waya wa umeme wa milimita za mraba 16, uliopakwa bati, mwekundu na mweusi
- Feraiti za kubana za aina ya 31, zisipungue 12
- Modemu ya Pactor (kifaa kinachogeuza barua kuwa milio ya redio), au programu ya VARA HF inayofanya kazi hiyo hiyo, pamoja na kompyuta

Ardhi ya redio

Antena ina nusu mbili. Nusu moja ni waya unaouona juu, nyingine ni metali iliyounganishwa chini ya tyuna. Mashua ikipigwa kasia upande mmoja huzunguka palepale, na antena isiyo na nusu ya pili iko hivyo hivyo: wati zinapotea kwenye joto, kwenye kebo na kwenye nyaya za kompyuta. Kibaya zaidi, tyuna inaweza kulinganisha hata ardhi mbovu na mita ya SWR (kipimo cha nguvu inayorudi redioni) ikasoma 1.5. Usidanganyike na namba hiyo. Inaonyesha kwamba redio imeridhika. Haionyeshi kwamba mawimbi yametoka.

Kwenye boti ya chuma cha pua, chuma cha kawaida au alumini kazi ni ndogo: bodi lote ni ardhi. Kwangua rangi sehemu ya sentimita 10, funga utepe kwa bolti, kisha paka rangi tena juu ya kiungo.

Kwenye boti ya faiba au ya mbao kuna njia mbili, na zinaweza kutumika pamoja.

Njia ya kwanza ni kuunganisha tyuna na metali inayogusa bahari. Tafuta vali ya bronzi ya kupitishia maji iliyo karibu zaidi na tyuna, au bamba la bronzi lililofungwa nje ya bodi, na upeleke utepe wa shaba moja kwa moja hapo. Utepe wa mita 1.5 hadi vali moja mara nyingi unafanya kazi vizuri kuliko utepe wa mita 8 unaozunguka ngama nzima kutafuta bolti za mkuku. Ufupi ni muhimu kuliko wingi. Tumia utepe, si waya wa mviringo, kwa sababu mkondo wa redio husafiri juujuu ya metali, na upana ndio unaoupa nafasi.

Hapa kuna mtego. Ukiunganisha vali ya bronzi, mkuku, injini na hasi ya betri kwa shaba tupu, umetengeneza betri kubwa ndani ya maji ya chumvi, na metali isiyostahimili kutu kuliko zote ndiyo italiwa. Dawa yake ni kukata utepe mahali pakavu, kuacha pengo la milimita 5, na kuliziba kwa kapasita 4 zilizolehemiwa kwa risasi, zikiwa sambamba. Kapasita moja ya 0.15 µF ina ukinzani wa takriban omu 0.27 kwenye 4 MHz, na nne pamoja hazifiki omu 0.1. Mawimbi ya redio yanapita kana kwamba hakuna kitu, lakini umeme wa betri na wa kutu haupiti. Bandika kiungo kwenye ubao mdogo wa plastiki ili utepe usichanike boti inapotikisika.

Njia ya pili ni nyaya za robo ya wimbi. Kata nyaya zilizofunikwa plastiki kwa urefu huu: mita 17 kwa ajili ya 4 MHz, 11.3 kwa 6 MHz, 8.5 kwa 8 MHz, 5.7 kwa 12 MHz, 4.3 kwa 16 MHz na 3.2 kwa 22 MHz. Funga zote kwenye skrubu ya ardhi ya tyuna, kisha zitawanye ndani ya bodi kwa chini, chini ya vitanda na makabati, nusu kulia na nusu kushoto. Zinaweza kupinda. Ncha zake zifunike vizuri, maana wakati wa kutuma zina volti za kutosha kumchoma mtu kidole. Njia hii haigusi bahari, kwa hiyo haina habari ya kutu kabisa, na kwa boti ya mbao ambayo haina metali nyingi chini ndiyo ya kuanza nayo.

Tyuna

Iweke tezini, karibu kabisa na mahali stei ya nyuma inaposhukia, mbali na injini na mahali maji yanaposimama. Tundu la antena litazame upande waya unakoelekea. Hata kama kiwandani wameandika kwamba haipitishi maji, ifunge kwenye ukuta wima, nyaya zikiingilia kwa chini, kila moja ikiwa na mkunjo wa kudondoshea maji.

Kutoka redioni hadi tyuna kuna kebo mbili: koaksi na kebo ya udhibiti yenye nyaya nne. Hii ya pili ndiyo inayosahaulika. Iwe na ngao, na viungo vyake vilehemiwe au vibanwe na kufunikwa kwa mpira wa joto wenye gundi. Kiungo kimoja chenye kutu hapa kitaifanya redio iandike kwamba hakuna tyuna, na utahangaika kutafuta ugonjwa kwenye antena wakati uko kwenye terminali ya shilingi chache.

Waya wa juu

Kawaida hutumika stei ya nyuma, ule waya wa chuma unaotoka kilele cha mlingoti hadi tezi, uliokatwa na kuwekewa insuleta mbili. Chagua insuleta za aina ambayo plastiki yake ikivunjika vitanzi vya chuma vinabaki vimeshikana, ili mlingoti usianguke. Viungo vya kufunga kwa spana, visivyohitaji mashine ya kuminya, vinamfaa anayefanya kazi hii mbali na karakana. Insuleta ya juu ikae angalau sentimita 50 chini ya kilele. Ya chini ikae mita 2 juu ya sitaha, ili mtu anayeyumba asishike sehemu yenye volti kali.

Urefu una hesabu yake, na wengi hawaifanyi. Waya unaokaribia nusu ya wimbi, au wimbi zima, una ukinzani mkubwa mno mwanzoni mwake. Tyuna inashindwa, au inalinganisha kwa volti za kutisha. Nusu ya wimbi ni takriban mita 17 kwenye 8 MHz, 11.5 kwenye 12 MHz, 8.5 kwenye 16 MHz na 6.4 kwenye 22 MHz. Kumbuka kwamba waya wa GTO kutoka tyuna hadi stei ni sehemu ya antena, kwa hiyo nao hupimwa.

Chukua boti ya mita 12 ambayo stei yake ya nyuma ina mita 17. Ukiondoa nusu mita juu na mita 2 chini, zinabaki 14.5. Ongeza GTO ya mita 2.5: jumla mita 17, yaani nusu ya wimbi kamili kwenye 8 MHz na wimbi zima kwenye 16 MHz, masafa mawili unayoyahitaji kuliko mengine. Shusha insuleta ya juu mita 2.5 na jumla inakuwa 14.5, ambapo tyuna itapumua kwenye masafa yote ya baharini. Kwa boti ndogo, lenga kati ya mita 9.5 na 10.5.

GTO ina kihami cha kuvumilia volti 15,000. Usiweke koaksi mahali pake hata kama ngao yake umeiacha wazi; mawimbi yatamezwa humohumo. Ipandishe ikiwa imeachana na sehemu ya chini ya stei kwa sentimita 5 au zaidi, kwa vishikizo vya plastiki. Iunganishe juu ya insuleta ya chini kwa klipu ya chuma cha pua, paka grisi, kisha zungushia utepe wa mpira unaojishika wenyewe kuanzia chini kwenda juu, ili maji yateremke bila kuingia. Shaba na chuma cha pua vikikutana na chumvi havipatani, kwa hiyo fungua kiungo hiki kila mwaka ukitazame.

Hutaki kukata stei? Pandisha waya wa shaba uliofunikwa plastiki, ukiwa ndani ya kamba, kwa kamba ya akiba hadi karibu na kilele, na uulete tezini sambamba na stei lakini mbali nayo kiasi cha sentimita 30 au zaidi. Unafanya kazi karibu sawa na stei, na ni rahisi kuuteremsha. Kwa jahazi hii ndiyo njia pekee ya busara, maana jahazi halina stei ya kudumu nyuma, na foromali (mti unaoshikilia tanga) ikigeuzwa inafagia kila kitu kilichoko njiani. Waya hapo upandishwe baada ya tanga kukaa upande wake, na ushushwe kabla ya kugeuza.

Jambo moja zaidi kwa wenye IC-M802: ina tundu la pili la antena kwa ajili ya kipokezi cha DSC, mfumo wa kuita kwa dijiti. Wengi hulisahau tundu hilo, kisha redio inakaa kiziwi kwa miito ya dharura ya 8414.5 kHz na wenzake. Waya wa mita chache kwenye reli ya pembeni unatosha.

Umeme

Redio ya wati 150 huvuta hadi ampea 30 kwenye kilele cha sauti. Ikiwa betri iko mita 5, umeme unasafiri mita 10 kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita za mraba 6 utapoteza karibu volti 0.9 njiani, kwa waya wa 16 utapoteza 0.3. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama redio itatoa wimbi safi au itakwaruza. Modemu ni kali kuliko mdomo, kwa sababu inatuma mfululizo wakati binadamu huvuta pumzi. Piga waya moja kwa moja hadi betri, weka fyuzi ya ampea 40 ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye terminali chanya, na usipitie kwenye ubao wa swichi wa taa. Kisha pima kwa mita nyuma ya redio wakati wa kutuma. Ikishuka chini ya 12 V, tafuta kiungo kilicholegea kabla ya kulaumu betri.

Kelele

Hapa ndipo barua pepe nyingi hufia. Stesheni ya nchi kavu unayopitishia barua, iliyo umbali wa kilomita 3,000, inakuja na nguvu ndogo, na friji yako inanguruma kwa sauti kubwa kuliko yeye.

Nenda nangani mbali na nyaya za umeme za mjini. Zima kila kitu isipokuwa redio, sikiliza 8 MHz mahali patupu, andika mita ya mawimbi inasoma ngapi. Sasa washa kitu kimoja kimoja: friji, inveta, kidhibiti cha paneli za jua, taa za LED, chaja ya kompyuta, kipima kina, feni. Kila kinachopandisha mita kiandike. Inveta na chaja za bei rahisi ndizo wahalifu wa kawaida, na kidhibiti cha sola hufuata. Baadhi hutulia ukizungusha nyaya zake mara 3 au 4 ndani ya feraiti ya aina ya 31, karibu na kifaa chenyewe. Vingine havitulii kamwe, na dawa yake ni kuvizima kwa dakika kumi za barua. Kompyuta itumie betri yake, chaja ichomolewe.

Kelele ya upande wa pili ni ile unayoitoa mwenyewe. Ukituma na kompyuta ikaganda, usukani wa kujiendesha ukageuka, au taa zikawaka zenyewe, mawimbi yanarudi kupitia ngao za kebo. Weka feraiti 4 au 5 kwenye koaksi pale inapoingia tyuna na nyingine kadhaa nyuma ya redio, kisha kwenye kebo ya udhibiti, kwenye kebo ya USB ncha zote mbili, na kwenye waya wa umeme wa modemu. Kama bado, rudi kwenye ardhi. Feraiti hazitibu ardhi mbovu.

Modemu, programu na akaunti

Modemu za Pactor hutengenezwa na SCS ya Ujerumani. Pactor 2 hufika biti 800 kwa sekunde hali ya anga ikiwa nzuri, Pactor 3 karibu 2,700, na Pactor 4 zaidi ya 5,000. Linganisha na simu yako na utacheka, lakini barua ya maneno 200 ni kilobaiti moja tu na ushei.

Sailmail ni chama cha wanabaharia kisichotafuta faida; unalipa ada ya mwaka, unatumia masafa ya baharini, na unaruhusiwa kuandika habari za biashara. Stesheni zake zinatumia Pactor. Winlink ni ya bure, lakini ni ya wenye leseni ya redio ya ridhaa peke yao: biashara hairuhusiwi, na ujumbe hauruhusiwi kufichwa kwa siri, hivyo andika ukijua mtu mwingine anaweza kusoma. Kwa Winlink unaweza kuikwepa bei ya modemu kwa kutumia VARA HF, programu inayoigeuza kadi ya sauti ya kompyuta kuwa modemu. Redio yenye kadi ya sauti ndani yake, kama IC-7300, inahitaji kebo moja ya USB tu. Programu ya barua ni Airmail kwa zote mbili, au Winlink Express kwa Winlink.

Kabla ya kurusha neno lolote, karatasi ziwe sawa. Kenya leseni ya stesheni ya chombo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, Tanzania na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko. Hapo ndipo unapata ishara ya mwito na namba ya MMSI (ya kutambulisha chombo), inayoanza na 634 kwa Kenya, 674 au 677 kwa Tanzania. Leseni ya ridhaa ni mtihani wa peke yake.

Barua ya kwanza

1. Sikiliza kwanza. Weka 8879 kHz, masafa ya ndege zinazovuka Bahari ya Hindi. Ukiwasikia marubani wa mbali, upande wa kupokea ni mzima.
2. Kwenye programu andika ishara yako ya mwito, chagua aina ya redio na mlango wa modemu, na acha programu ibadilishe masafa yenyewe. Redio iwe kwenye ukanda wa juu, USB ya redio, si ile ya kompyuta. Orodha za Winlink huonyesha katikati ya mkondo. Kioo cha redio husoma 1.5 kHz chini yake. Ukiweka kwa mkono ukasahau hili, utaita hadi jua litue.
3. Panga nguvu ya sauti inayotoka kwenye modemu. Pandisha taratibu mpaka mita ya ALC (kidhibiti cha nguvu ya kutuma) ianze kugusa, kisha rudisha nyuma kidogo. Kuongeza zaidi hakukufikishi mbali, kunachafua wimbi tu.
4. Chagua stesheni na saa. Kutoka Mombasa hadi Durban ni kilomita zipatazo 3,000: mchana jaribu 12 hadi 18 MHz, jioni shuka 8, usiku wa manane 6 au 8. Stesheni ya karibu, kilomita 800 hivi, itasikika mchana kwenye 8 na usiku kwenye 4 au 6. Saa moja kabla na baada ya jua kutua ndiyo bora. Wakati wa mvua, radi za ukanda wetu hujaza 4 na 6 MHz mikwaruzo, basi panda juu kadiri utakavyoweza.
5. Sikiliza kama mkondo una mtu. Ukisikia milio ya Pactor, subiri amalize.
6. Bonyeza tyuna, ngoja taa itulie, kisha tuma. Ikishindwa kuunganisha ndani ya dakika moja, usibishane nayo. Badilisha masafa, kisha badilisha stesheni.

Jaribio zuri la kwanza ni kuomba hali ya hewa kutoka Saildocs, huduma inayoituma kwa barua pepe. Andika barua kwenda query@saildocs.com, na ndani yake mstari mmoja:

send gfs:2N,12S,38E,58E|1,1|24,48,72|WIND,PRMSL

Huo unaomba upepo na kanieneo ya hewa kwa siku tatu, kutoka pwani yetu hadi kupita Seychelles, kwa vipimo vya digrii moja. Jibu ni faili la kilobaiti chache. Usiombe nusu digrii na siku kumi. Utakula dakika zako za wiki nzima kwa ramani moja, na Sailmail huhesabu dakika.

Ikikataa

Unawasikia vizuri lakini hawakujibu: kwanza hakikisha kioo kiko 1.5 kHz sawasawa, kisha pima volti wakati wa kutuma, kisha fungua ardhi. Unaunganisha halafu kasi inaporomoka: washa redio bila kompyuta, na kelele ikipungua umempata mkosaji. Tyuna inalinganisha masafa yote isipokuwa moja: urefu wa waya umeangukia nusu ya wimbi, ongeza au punguza nusu mita ya GTO. Ilikuwa ikifanya kazi mwaka jana: terminali ya stei imeota kijani, au maji yameingia kwenye plagi ya PL-259. Kata sentimita 10 za koaksi, tazama kama shaba imekuwa nyeusi, na endelea kukata mpaka ukutane na shaba inayong'aa.

Na radi ikianza kuchora upeo wa macho, chomoa koaksi na kebo ya udhibiti nyuma ya redio, uzitupe mbali na meza. Redio ndogo ya mkononi ya VHF na GPS ya akiba viweke ndani ya oveni ya chuma jikoni, ukikumbuka kuvitoa kabla mpishi hajawasha moto.